Kutoka gunia hadi simu: nani anachagua chakula Kakuma?

Kambi ya Kakuma ilianza 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan walipoingia Turkana. Kwa zaidi ya miaka 20 msaada wa chakula ulikuwa mzigo wa kubeba: nafaka, maharage, mafuta. Unapanga foleni, unapimiwa, unaondoka. Ukitaka mboga au sabuni, unauza sehemu ya mgao, na mwenye njaa hapangi bei. Kwenye karatasi kilo zilitimia. Hasara ilibaki kwetu.

Mwaka 2015 shirika la WFP likaleta Bamba Chakula. Sehemu ya mgao iligeuka pesa ya kwenye simu. Jina lenyewe ni la mtaani, kubamba ni kupata. Pesa hiyo ilikuwa na masharti: chakula tu, tena kwa wenye maduka waliosajiliwa. Hata hivyo, mambo mawili yalibadilika. Kwanza, mama ndiye aliyeamua watoto wale nini. Pili, waliosajiliwa walikuwa wakimbizi na Waturkana, basi hela ya msaada ikaanza kuzunguka hapa hapa. Mwaka 2016 yakafunguliwa makazi ya Kalobeyei, yaliyopangwa kwa wakimbizi na wenyeji pamoja, maana mwenyeji naye alichoka kuona malori yakimpita. Ripoti ya IFC ya 2018 ilihesabu Kakuma biashara zaidi ya 2,000. Kumbe watu walioitwa mzigo walikuwa soko!

Ndiyo maana nasema usawa haupimwi kwa kilo peke yake. Unapimwa kwa nani anaamua, na faida inaingia mfuko wa nani.

Lakini uamuzi bila kiasi cha kutosha haufiki mbali. Pesa ikiisha kabla ya mwezi, tunakopa. Mwenye duka anashika kadi yako kama dhamana, na mwezi ujao huna pa kwenda ila kwake, kwa bei yake. Simlaumu sana, naye anadaiwa na muuzaji wa jumla. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipopungua, mgao ukashuka, familia zikapangwa kwa makundi ya uhitaji. Madeni hayakupangwa popote.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kupanga makundi mengine, kaeni na akina mama na wenye maduka, mfungue madaftari ya madeni. Mle ndani mtaona nani bado anachagua, na nani anachaguliwa.