Viola Davis: Kutoka kulala njaa hadi kubeba tuzo 4 kubwa Marekani

Viola Davis alizaliwa 1965 South Carolina, akakulia Rhode Island kwenye familia maskini iliyokosa hata chakula. Alisomea uigizaji Juilliard, New York, na 2001 akapata Tony yake ya kwanza kwa mchezo wa jukwaani, King Hedley II.

Kwenye filamu ya Doubt (2008) alionekana dakika chache tu, lakini zilitosha kumpa uteuzi wa Oscar.

Mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike wa tamthilia. 2017 akabeba Oscar kwa Fences.

Februari 2023 akamalizia na Grammy, kwa kusoma kwa sauti yake kitabu cha maisha yake, Finding Me. Humo ndimo anamosimulia njaa ile ya utotoni.