Msandali

Msandali (Osyris lanceolata, Kimaasai: olosesiai) ni mti mdogo wa nyanda kavu na miamba ya Afrika Mashariki, Kaunti ya Kajiado nchini Kenya ikiwemo. Mizizi yake hujishika kwenye mizizi ya miti jirani ikinyonya maji na chumvichumvi, ndiyo maana kuuotesha kitaluni ni kazi ngumu. Wamaasai huchemsha magome na mizizi kupata chai na supu ya kutia mwili nguvu. Watengeneza manukato wanataka mafuta ya kiini na mizizi, mbadala wa bei nafuu wa msandali wa India (Santalum album), na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Maua ya osmanthasi, yanayotiwa katika chai na manukato huko China, huchumwa na mti ukabaki. Msandali, kinyume chake, hung'olewa mzima. Tena jike na dume ni miti mbalimbali, na wavunaji huandama jike, linalosifiwa kwa mafuta, hivyo mbegu huadimika. Kenya ilipiga marufuku uvunaji mwaka 2007. Mwaka 2013 mti huu uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Magendo hayajakoma.