Sataranji imeandikwa, bao letu je?

Jamani, nipo nyumbani Sumbawanga kwa likizo fupi, na baridi ya Ufipa ni ile ile. Jana jioni karibu na sokoni niliwakuta wazee wawili wakicheza bao. Nikawaamkia, nikatoa daftari langu la kazi, nikaanza kuandika kila walichocheza. Mmoja akacheka: "Mwanangu, bao haliandikwi. Linachezwa."

Jibu hilo limeninyima usingizi.

Mwaka 1918, New York, Mmarekani Frank Marshall alicheza sataranji na José Raúl Capablanca wa Cuba. Capablanca alifungua kwa mtindo wa Ruy López, jina la padri Mhispania aliyeandika kitabu cha mchezo huo mwaka 1561. Kwenye hatua ya nane Marshall akasogeza askari wa malkia wake, akaacha askari mwingine aliwe ili apate nafasi ya kushambulia. Capablanca akala, akavumilia kipigo, mwishowe akashinda. Lakini kila hatua iliandikwa. Ndiyo maana mpaka leo mabingwa wanacheza Shambulizi la Marshall, jina la aliyefungwa!

Sasa tuje kwenye bao. Kila mchezaji ana kete 32. Anaanza na sita kwenye nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi. Kwa mpangilio huo anayeanza hawezi kula, lazima atakate. Atakate kutoka shimo lipi, kuelekea wapi? Hapo ndipo fundi anapojulikana. Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar na kuandika kitabu mwaka 1995. Mafundi wa huku kwetu nani kawaandika?

Wafipa tunalijua somo hili. Matanuru marefu ya udongo ambayo babu zetu waliyeyushia chuma, mengine bado yamesimama huko vijijini. Chuma cha dukani kilipoingia, kazi ikafa, vijana hawakurithi. Udongo umebaki, ujuzi mwingi umezikwa na wenyewe.

Wazee wale wawili wote wamevuka miaka sabini. Daftari langu lina hatua tano tu za mwanzo, maana giza liliingia. Leo jioni narudi, wacheke wakichoka.

Na wewe mwenye babu anayecheza bao, unasubiri nini?