Kulindwa: Walitulinda au Walikuwa Wakitulinda?

Somo la redio kwa watu wazima: Historia na Lugha

Ikiwa uko Kasekese, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, huenda ukauliza Kihispania chakuhusu nini. Subiri kidogo. Leo tutaazima kitu kimoja tu cha Wahispania, nacho ni namna yao ya kueleza mambo yaliyopita.

Mhispania akisema *nos protegieron*, maana yake walitulinda: tendo limetendeka, likaisha. Akisema *nos protegían* (tamka pro-te-khi-an), maana yake walikuwa wakitulinda, siku baada ya siku, wala hasemi ulinzi ulianza lini au ulikoma lini. Hana budi kuchagua moja. Sisi neno letu "tulilindwa" labeba maana zote mbili, na anayetaka kuficha jambo hupata hapo mahali pa kujificha. Lakini "tulikuwa tukilindwa" tunalo pia, basi tulitumie.

Tazama Karema, huko ziwani, katika wilaya hiyo hiyo. Mwaka 1879 Mbelgiji aitwaye Cambier alijenga kituo chenye boma karibu na Ziwa Tanganyika, kwa ajili ya chama kilichoanzishwa na Mfalme Leopold wa Pili mwaka 1876. Mwaka 1885 mahali hapo pakakabidhiwa Mapadre Weupe. Biashara ya watumwa ilikuwa bado ikiendelea, na Mapadre walikuwa wakikomboa watoto na kuwalea. Watoto wale walikuwa wakilindwa, hilo ni kweli. Tena walikuwa wakiishi chini ya amri za misheni. Ulinzi ulikuwa na bei yake.

Mmoja wa waliokombolewa alikuwa Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi ambayo leo yaitwa Mali. Aliibwa, akauzwa, akakombolewa, akasomeshwa utabibu huko Malta, akafika Karema mwaka 1889. Haya yote ni matendo yaliyokwisha. Kisha badili kitenzi: alikuwa akitibu watu. Alikuwa akiwatibu mpaka uzeeni, naye akafariki mwaka 1956. Yule aliyelindwa zamani alikuwa sasa akiwalinda wengine.

Mambo ni mengine kabisa tukifika kwa Wajerumani. Mwezi Februari 1885 Kaiser alitoa hati iliyoitwa kwa Kijerumani "barua ya ulinzi". Nchi yetu ikaitwa "eneo la ulinzi", na askari wao, tangu 1891, "jeshi la ulinzi". Nani alikuwa akilindwa? Barua ile ililinda kampuni ya Carl Peters na ardhi iliyodai kuwa imeipata. Na katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, jeshi la ulinzi lilikuwa likichoma mashamba na ghala za watu wa eneo la ulinzi! Wahispania nao walikuwa na *protectorado* yao huko Moroko, 1912 hadi 1956, neno lililotoka katika kitenzi kile kile.

Zoezi. Mwulize mzee mmoja wa kijijini kwako: zamani nani alikuwa akiwalinda, dhidi ya nani, nanyi mlikuwa mkimpa nini? Andika majibu yake kwa "-likuwa -ki-" kila inapofaa. Akisema "tulilindwa" tu, mwulize tena, kwa adabu.