Msimu wa Kaskazi: Wageni wa Majira ya Baridi katika Historia ya Zanzibar

1. Utangulizi

Kila mwaka, kati ya Desemba na Machi, ndege kutoka Ulaya huteremsha Unguja maelfu ya wageni wanaokimbia baridi ya kwao. Ni kawaida kuianza historia ya ujio huu mwaka 1986, ilipotungwa sheria ya kulinda vitega uchumi Zanzibar, na kuueleza utalii kuwa ni zao la mageuzi ya kiuchumi. Insha hii haipingi uzito wa tarehe hiyo. Inachodai ni kwamba wageni wa miezi hii ni wa kale kuliko hoteli, na kwamba badiliko kubwa halikuwa katika kuja kwao bali katika mamlaka juu ya kalenda. Zamani aliyeamua lini mgeni aje na lini aondoke alikuwa upepo, ambao mwenyeji na mgeni waliuhitaji kwa pamoja. Leo huamuliwa na baridi ya nchi za mbali, likizo za huko na ratiba za mashirika ya ndege. Tofauti hii ndiyo inayoeleza kwa nini neema ya msimu haimfikii kila mwenyeji kwa kipimo kimoja.

2. Msimu wa majahazi

Neno msimu lina asili ya Kiarabu, mawsim, na katika lugha ya mabaharia wa Bahari ya Hindi lilihusishwa na majira ya pepo. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ilisukuma majahazi kutoka Oman, Hadhramaut, Ghuba na Bara Hindi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Kusi ilipoanza kuvuma baada ya hapo, iliyarudisha. Hivyo, katika miezi ileile ambayo leo ni ya mtalii wa Ulaya, bandari ya Unguja ilijaa wageni waliokuja na tende, samaki wa chumvi na mazulia, wakarudi na karafuu, pembe za ndovu na boriti za mikoko. Katika karne ya 19 walisafirisha pia watumwa. Biashara hiyo ya misimu ndiyo iliyoupa mji utajiri uliomvuta Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja.

Jambo la kuzingatiwa ni urefu wa ukaaji. Baharia hakuweza kuondoka atakapo. Alilazimika kuusubiri upepo. Katika wiki hizo, na pengine miezi, alipanga nyumba, alikopa, alisali katika misikiti ya mji, na wengine walioa. Mwandishi wa Kiaustralia Alan Villiers, aliyesafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 hadi 1939, aliishuhudia desturi hiyo ikiwa bado hai: jahazi lilifika Zanzibar kwa kaskazi, likaenda delta ya Rufiji kupakia boriti, kisha likarejea Ghuba.

Hata hivyo, si sahihi kuuchora msimu huo kama zama za ukarimu mtupu. Kumbukumbu za ubalozi wa Uingereza za karne ya 19 zimejaa malalamiko dhidi ya mabaharia wa kaskazini walioshutumiwa kuiba watoto na watumwa, na wakazi wa mji waliingojea kaskazi kwa matumaini na kwa hofu. Mgeni wa msimu, tangu hapo, alikuwa riziki na mzigo kwa wakati mmoja. Lakini alikuwa mzigo uliokuwa karibu: mji ulimjua, ulimdai na ulimhitaji kama yeye alivyouhitaji mji.

3. Jua lililoogopwa

Mgeni wa Ulaya wa karne hiyo hakuja kutafuta joto. Kwake hali ya hewa ya Zanzibar ilikuwa tishio. Richard Burton, aliyekaa kisiwani kabla ya safari yake ya bara ya mwaka 1857, aliandika kwa kirefu juu ya homa na uchafu wa mji, naye David Livingstone aliubeza kwa uvundo wake. Mzungu aliyetaka kupata nafuu aliondoka visiwani, hakuletwa huko.

Mambo matatu yaliligeuza jua kuwa bidhaa. Kwanza, meli za mvuke: kuanzia mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilifika Zanzibar kwa ratiba, na kwa mara ya kwanza abiria hakuwa mateka wa kaskazi. Pili, maarifa ya tiba: baada ya kugunduliwa mwishoni mwa karne hiyo kwamba malaria huenezwa na mbu, joto lenyewe halikuwa tena mtuhumiwa mkuu. Tatu, mabadiliko ya ladha huko Ulaya kwenyewe, ambako kuanzia miaka ya 1920 ngozi iliyochomwa na jua iliacha kuwa alama ya mfanyakazi wa shambani, ikawa alama ya mtu mwenye fedha na nafasi. Mabadiliko hayo hayakufanyika Unguja, wala hakuna Mzanzibari aliyeulizwa. Kisiwa kilibaki palepale. Maana yake ndiyo iliyobadilishwa kutoka mbali.

4. Kutoka karafuu hadi ufukwe

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, milango ya wageni ilibanwa, na uchumi uliendelea kuegemea karafuu. Kuporomoka kwa bei ya zao hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Indonesia, mnunuzi mkubwa, kuongeza uzalishaji wake, ndiko kulikoilazimisha serikali kutafuta njia nyingine. Biashara ililegezwa masharti kuanzia mwaka 1984, sheria ya vitega uchumi ikafuata mwaka 1986, na Kamisheni ya Utalii ikaundwa mwaka 1992. Idadi ya watalii, iliyokuwa chini ya 100,000 mwaka 2000, ilipita 500,000 mwaka 2018.

Mahali pa kupokelea wageni napo palihama. Jahazi lilitia nanga mjini. Mtalii wa miaka ya 1990 alipelekwa pwani ya mashariki na kaskazini, Kiwengwa na Nungwi, katika hoteli ambako chakula, kinywaji na burudani vilikuwa vimekwisha kulipiwa Italia. Pwani hiyo haikuwa tupu. Paje na Jambiani, wanawake walikuwa wameanza kilimo cha mwani kwa ajili ya soko la nje mwishoni mwa miaka ya 1980, karibu wakati uleule hoteli zilipoanza kuingia. Maji mafupi yaliyokuwa shamba la mmoja yakawa mandhari ya mwingine.

5. Kalenda ya nani?

Inaweza kupingwa kwamba utalii wa leo haufuati kaskazi, kwa kuwa Julai na Agosti, katikati ya kusi, nayo ni miezi ya wageni wengi. Pingamizi hili ni la kweli, lakini linaitia nguvu hoja ya insha. Julai na Agosti ni likizo za shule za Ulaya. Vipindi vyote viwili vinapangwa na kalenda ya mgeni, na kaskazi imebaki kuwa sadfa ya hali ya hewa. Tena, kaskazi inayomponya mtalii ndiyo miezi ambayo mwenyeji huilalamikia kwa joto lake.

Matokeo yake yanaonekana masika. Mvua za Aprili na Mei zinapoanza, hoteli nyingi za ufukweni hupunguza wafanyakazi au hufunga. Zamani kipindi cha kati ya misimu kilikuwa cha mkulima na mvuvi. Sasa kijana aliyeacha dau kwa ajili ya mshahara wa hoteli hurudi kijijini bila dau na bila mshahara. Utegemezi huu ulidhihirika mwaka 2020, safari za ndege ziliposimama kwa sababu ya UVIKO-19, na tena mwanzoni mwa mwaka 2022, mamia ya watalii wa Ukraina walipokwama Zanzibar baada ya vita kuanza kwao. Kwa muda walikuwa kama mabaharia waliokosa upepo, wakategemea hisani ya wenyeji.

6. Hitimisho

Methali husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia ya kaskazi inaonyesha kwamba uponyaji huo haukuwahi kutokana na ujio peke yake. Ulitokana na masharti ya ukaaji: mgeni alale wapi, anunue kwa nani, amtegemee nani. Sera inayopima mafanikio kwa idadi ya wanaoteremka uwanja wa ndege inahesabu ujio tu. Swali ambalo watafiti wa Bahari ya Hindi wanapaswa kulirejesha ni lile ambalo upepo ulilijibu kwa karne nyingi: mgeni akiisha kufika, ni nini kinachomfunga kwa mwenyeji?