Ukambani: Nyumba, Nzama na Barua ya Chifu

Wazee wa Makueni huunyoshea kidole mlima wa Nzaui. Hapo, kwa masimulizi yao, Mulungu aliwateremsha mume na mke wa kwanza, na wengine wawili wakatoka kwenye shimo la kichuguu. Watoto wa pande hizo mbili wakaoana, koo zikaanza. Hadi leo kijana anayetaka kuoa huulizwa kwanza ni wa ukoo gani, yaani mbai, maana ndani ya mbai yake haoi.

Kufikia karne ya 17 Wakamba walikuwa wamekita makao kwenye vilima vya Mbooni. Katika karne ya 18 wengine wakavuka Mto Athi wakaingia Kitui. Popote walipokwenda hawakuwa na mfalme. Boma, musyi, lilikuwa na mwenyewe. Maboma jirani yakawa utui. Na mambo ya utui yaliamuliwa na nzama, baraza la wazee. Uzee wenyewe haukuja kwa mvi tu. Mwanamume alipanda daraja kwa kutoa mbuzi, fahali na pombe kwa waliomtangulia, tangu ujana wa vita hadi kuketi nzama. Wazee hao waliweza kumhukumu mwizi sugu au mchawi afe kwa king'ole, yaani kuuawa na jamii kwa pamoja, lakini si kabla ya ndugu zake wa karibu kuridhia. Naona hapo uzito mkubwa: hakuna aliyeuawa bila watu wa damu yake kukubali.

Hata Kivoi wa Kitui, tajiri wa misafara ya pembe aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, nguvu zake zilikuwa mali na watu waliomfuata. Alipouawa mwaka 1851 karibu na Mto Tana, hakuacha kiti cha enzi. Uchifu uliletwa na Waingereza kwa sheria ya mwaka 1902, na chifu akawa mtu wa kodi na amri za serikali. Ndoa ilibaki mikononi mwa wazee.

Ndoa hiyo husimama juu ya ntheo, mbuzi ambao kwa kawaida huwa watatu. Mahari yenyewe yaweza kulipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, ila ntheo haingoji. Mbuzi huchinjwa kwa wazazi wa msichana, nyama ikagawanywa, na walioila huwa mashahidi. Mjane anapofika mahakamani kudai urithi, swali ni lile lile: ntheo ilitolewa? Nani walikuwepo?

Lakini vipi nyumba isiyo na mtoto wa kiume? Mama wa nyumba hiyo alitoa mahari kwa mifugo yake, akaoa mwanamke. Huyo ndiye iweto. Mama akawa mavyaa, na iweto akahesabiwa mke wa mwana ambaye hakuzaliwa. Watoto wake walizaliwa na mwanamume mwingine, lakini mwanamume huyo hakuwa na dai kwao. Walikuwa wa nyumba: walibeba jina lake, wakalima shamba lake. Si kwamba kila iweto alitendewa haki. Wengine walitoka kwa jamaa maskini wasio na sauti, wakafanywa vibarua. Hata hivyo mjane aliyekuwa afe peke yake alipata wajukuu, na watoto wakapata ardhi.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 45, inampa mtu mzima haki ya kuoana na wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 haina nafasi ya iweto. Upande wa mirathi, Mahakama Kuu ya Mombasa ilikubali mwaka 2011 kwamba mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa mila ya Wanandi, pamoja na watoto wake, ni warithi. Hukumu hiyo nairejelea kila ninapoulizwa habari za iweto wa Kitui.

Mama wa nyumba akifa sasa, safari ya mirathi huanza kwa barua ya chifu inayoorodhesha warithi. Kabla ya barua kuandikwa, wazee wa mbai hukaa na jamaa wakubaliane majina. Mashemeji wenye tamaa ya shamba wakisema "huyu si wetu", iweto na wanawe huachwa nje ya karatasi. Wazee walioila nyama ya ntheo yake bado wapo, na wao ndio wanaopaswa kumtaja kwa sauti mbele ya chifu.