Kiswahili Kilichofika Ediofe Kabla ya Mwalimu

Tunapoeleza historia ya ufundishaji wa Kiswahili nchini Uganda, aghalabu tunaanzia Kampala na Entebbe: waraka wa Gavana Gowers wa 1927, upinzani wa Buganda, tangazo la Idi Amin la 1973, kisha marekebisho ya Katiba ya 2005 yaliyokifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Ni kweli tupu. Hata hivyo, hayamfai sana mwalimu aliyesimama mbele ya darasa Ediofe, karibu na mji wa Arua. Huko kuna historia nyingine, nami niliijua kwa kuchelewa.

Nilikwenda kuwakagua wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mmoja akaugua, nikashika kipindi chake. Mada ilikuwa upatanisho wa kisarufi katika ngeli ya A-WA. Nikasema nilivyozoea kusema: "Ni kama katika lugha zenu: omuntu, abantu." Darasa likanyamaza. Kilugbara si lugha ya Kibantu, wala hakina ngeli za namna hiyo. Nilikuwa nikiwalinganishia watoto Kiswahili na lugha isiyo yao, na andalio langu la somo lilikuwa safi kabisa!

Ili kuokoa kipindi nikaomba sentensi. Msichana mmoja akaandika ubaoni: "Mama hapana kuja, iko ku soko." Nikaikata kwa chaki nyekundu mahali patatu. Wenzake wakacheka. Hakuinua mkono tena mpaka kengele ilipolia.

Jioni ilinibidi nijaze sehemu ya tathmini, ile ambayo kila mwaka nawagombeza wanafunzi kwa kuiandikia maneno mawili tu. Nami nikaandika: "Wanafunzi wazito." Nikayasoma maneno yale, nikaona haya. Donald Schön, katika kitabu chake cha 1983, alitenganisha kutafakari katikati ya tendo na kutafakari baada yake. Mimi la kwanza lilikuwa limenipita. Likabaki la pili, na swali lake lilikuwa rahisi: mtoto huyu aliitoa wapi sentensi hii?

Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado iliyotawaliwa na Mfalme Leopold hadi 1910, likawa chini ya Sudan, kisha likaingizwa Uganda mwaka 1914. Vijana wengi wa West Nile waliandikishwa katika jeshi la KAR, na kambini ndiko kilikozungumzwa Kiswahili cha "hapana kuja" na "mimi iko". Upande wa magharibi mpaka wa Kongo u karibu, na soko la Ariwara halimuulizi mtu cheti cha sarufi. Halafu, baada ya Amin kupinduliwa mwaka 1979, maelfu ya watu wa eneo hili walikimbilia Zaire na Sudan wakaishi huko miaka mingi. Waliotoka Zaire walirudi na Kiswahili cha huko, chenye "ku" inayofanya kazi ya "-ni" yetu. Kumbe chaki yangu ilikuwa imekata kambi, soko na ukimbizi kwa mkupuo mmoja. Na sentensi yenyewe ilikuwa na kanuni zake, haikuwa ovyo.

Kesho yake niliiandika tena ubaoni. Sikuuliza kosa liko wapi. Niliuliza ni nani husikia watu wakisema hivyo, na wapi. Mikono ikainuka mingi. Tukachora safu mbili, moja ya nyumbani, nyingine ya mtihani, na katika ya pili wenyewe wakafikia: "Mama hajaja, yuko sokoni." Sidai kwamba mambo yalinyooka. Upatanisho ulibaki mgumu, na madaftari ya wiki ile yalijaa "kitabu yangu". Tangu mtaala wa 2020 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, madarasa kama haya yameongezeka, na vitabu vingi bado vinamchukulia mwanafunzi kana kwamba hajapata kulisikia neno hata moja.

Yule msichana aliinua mkono karibu na mwisho. "Mwalimu, kama ku soko ni sokoni, mbona ku Arua si Aruani?" Nilimwomba anipe hadi kipindi kinachofuata.